Mwongozo kamili: kukarabati nyumba ya zamani ya kupangisha mjini Tanga bila fedha kukatika njiani

Wasomaji wengi wanaotuandikia kuhusu nyumba za kupangisha wamekwama mahali pamoja. Mtu amenunua au amerithi nyumba ya vyumba sita Ngamiani, Makorora au Msambweni, ameweka marumaru kwenye ukumbi na amepaka rangi ukuta wa mbele, kisha fedha zimeisha kabla choo na paa havijaguswa. Nyumba ina mpangaji mmoja, au haina kabisa, na marejesho ya mkopo yanadaiwa kila mwezi.

Mara nyingi chanzo ni mpangilio, hata pale ambapo lawama zote anabebeshwa fundi. Kazi imeanza na kile kinachoonekana barabarani, na mkopo umekadiriwa kwa gharama za ujenzi badala ya kukadiriwa kwa pango. Mwongozo huu unafuata mpangilio mwingine: pango ndilo linaloamua ukubwa wa deni, na maji ndiyo yanayoamua kazi ipi itangulie.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Hati miliki au leseni ya makazi, pamoja na mkataba wa mauziano ikiwa nyumba ilinunuliwa.
- Stakabadhi za kodi ya ardhi za miaka iliyopita.
- Barua ya usimamizi wa mirathi, ikiwa nyumba imetokana na marehemu.
- Kitambulisho cha Taifa na namba ya mlipakodi (TIN).
- Daftari moja la nyumba hiyo tu, na simu yenye kamera.
- Futi ya kupimia, pima maji, kamba, tochi, bisibisi, tindo na nyundo.
- Karatasi ya nailoni inayopitisha mwanga, salotepu pana na ndoo mbili za lita 20.

## Hatua ya 1: Jua nyumba ni ya nani

Nyumba nyingi za zamani mjini Tanga ni za urithi, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea bila hata tofali moja kuvunjika. Mrithi mmoja akikuuzia nyumba, au akikuruhusu kuikarabati, ndugu zake wana haki ya kwenda mahakamani kuupinga mpango huo hata kama kazi imekwisha. Mwenye mamlaka ya kusaini kwa niaba ya marehemu ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Omba kuiona barua yake, kisha nenda katika mahakama iliyoitoa ukahakikishe kuwa uteuzi huo haujatenguliwa na kwamba warithi wote wameorodheshwa.

Nyumba ikiwa na hati, fanya upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati ili ujue kama imewekwa rehani au ina zuio. Ikiwa ina leseni ya makazi, uliza halmashauri ya jiji. Uliza pia wazee wa mtaa kama nyumba hiyo ni wakfu, kwa sababu katika miji ya pwani zipo nyumba zilizowekwa wakfu miaka mingi iliyopita ambazo mtumiaji wa sasa hana uwezo wa kuziuza. Muuzaji akiwa na mke au mume na wanaishi humo, ridhaa ya mwenza ni lazima. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa hiyo.

Anayekarabati nyumba ya familia kwa fedha zake ana hatari nyingine, ambayo watu huona haya kuizungumza. Usipoandikiana na ndugu zako kabla ya kuanza, fedha zako zitaonekana kuwa msaada kwa familia, na siku ya kugawana hutakuwa na cha kudai. Andikeni kiasi utakachoweka, muda utakaokusanya pango hadi kiasi hicho kirudi, na namna pango litakavyogawanywa baada ya hapo. Warithi wote wasaini mbele ya wakili au mwenyekiti wa mtaa. Undugu hauvunjwi na karatasi. Huvunjwa na madai ambayo kila mmoja anayakumbuka kwa namna yake.

Hatua hii imekamilika pale unapoweza kumtaja kwa jina kila mtu mwenye haki katika nyumba, na kila mmoja wao ameshasaini.

## Hatua ya 2: Kagua nyumba kwa kufuata maji

Maji huingia katika nyumba ya pwani kwa njia tatu: kutoka juu kupitia paa, kutoka chini kupitia msingi, na kutoka ndani kupitia mabomba na choo. Kagua kwa mpangilio huo na upige picha kila kasoro.

Ingia ndani saa sita mchana, funga milango na madirisha, kisha tazama juu. Kila tundu la mwanga kwenye bati ni tundu la mvua. Panda darini na uchome mbao za kenchi, yaani fremu inayobeba paa, kwa bisibisi, hasa pale zinapokalia ukuta; bisibisi ikizama bila nguvu, mchwa wameshamaliza kazi yao na mbao hiyo haifai kubeba bati jipya.

Kwa ukuta, kata kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita, ukibandike kwa salotepu pande zote nne na ukiache siku mbili. Matone yakitokea upande wa ukutani, unyevu unatoka ndani ya ukuta. Yakitokea upande wa chumbani, ni mvuke wa hewa, na dawa yake ni madirisha yanayopitisha upepo. Kipimo hiki hakigharimu kitu, na kinakuzuia kulipia plasta mpya mahali palipohitaji dirisha.

Mwisho, mimina ndoo mbili za maji kwa mkupuo chooni na bafuni, huku mwenzako akitazama chemba, yaani kishimo chenye mfuniko cha kukagulia bomba la maji taka. Maji yakichelewa au yakirudi, bomba limeziba au limelazwa bila mteremko, au shimo limejaa.

## Hatua ya 3: Anza hesabu kwenye pango

Tembea mitaa mitatu inayozunguka nyumba yako na uulize wapangaji wenyewe wanalipa kiasi gani, maana dalali hutaja bei anayoitamani. Tenganisha chumba kimoja, chumba na sebule, na chumba masta, kwa sababu hayo ni masoko matatu tofauti.

Tuchukue mfano wa vyumba sita, kila kimoja shilingi 60,000 kwa mwezi. Kwa mwaka mzima hiyo ni shilingi 4,320,000. Ondoa mwezi mmoja kwa kila chumba, maana wapangaji huhama na chumba hukaa kitupu: inabaki 3,960,000. Tenga asilimia 10 kwa ajili ya kodi ya mapato ya pango, na asilimia 10 nyingine kwa ajili ya matengenezo. Kila moja ni 396,000, na inabaki 3,168,000. Ondoa 168,000 za kodi ya ardhi, kodi ya majengo na kunyonya choo. Umebakiwa na 3,000,000, yaani 250,000 kwa mwezi.

Rejesho la mkopo lisizidi theluthi mbili ya kiasi hicho, ambayo ni takriban 165,000. Theluthi inayobaki ni ya mwezi ambao wapangaji wawili wamechelewa na pampu imeungua kwa wakati mmoja. Mwezi wa namna hiyo huja.

Kwa rejesho la 165,000, riba ya asilimia 18 kwa mwaka inayokokotolewa kwenye salio linalopungua, na muda wa miezi 36, nyumba hii inabeba mkopo wa takriban shilingi milioni 4.5. Mkopo wa milioni 10 kwa masharti hayo hayo unadai rejesho la takriban 361,500, kiasi ambacho nyumba haikipati hata vyumba vyote vikijaa. Anayekopa milioni 10 kwa nyumba hii atailipa kwa mshahara wake, na ni vizuri akalijua hilo kabla ya kusaini.

Tahadhari moja ya hapa kwetu. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, linaishia Chongoleani, na habari zake zimewafanya wenye nyumba wengi wapange bei za matumaini. Mafundi na wafanyakazi wa ujenzi huondoka ujenzi unapokwisha. Hesabu yako isimame juu ya pango linalolipwa leo na mwalimu, muuguzi, mwanafunzi na mfanyabiashara wa sokoni.

## Hatua ya 4: Chagua fedha zinazolingana na kazi

Fedha za kwanza ziwe akiba yako, na zitumike kwenye kazi ambazo haziingizi pango zenyewe: paa, maji taka na umeme mkuu. Mkopo uje baadaye, kwa ajili ya vyumba vinavyoanza kulipa ndani ya wiki chache. Ukigeuza mpangilio huu utaanza kurejesha mkopo wakati nyumba bado haina hata choo.

SACCOS huwafaa wawekezaji wadogo wengi, kwa kuwa mkopo huwa ni kizidisho cha akiba yako, mara nyingi hadi mara tatu, na wadhamini ni wanachama wenzako. Benki hutoa kiasi kikubwa na muda mrefu zaidi, lakini itadai hati, uthamini wa mthamini aliyesajiliwa, ridhaa ya mwenza na bima. Ongeza gharama hizo kwenye hesabu kabla ya kulinganisha. Kwa anayekwepa riba, benki za Kiislamu na madirisha ya Kiislamu ya benki nyingine hutumia murabaha: benki hununua vifaa, kisha hukuuzia kwa bei ya juu inayojulikana tangu mwanzo, nawe hulipa kwa awamu. Utaratibu huo una faida ya ziada, kwamba fedha haziwezi kugeuzwa kuwa matumizi ya nyumbani.

Popote utakapokopa, uliza swali hili: riba inakokotolewa kwenye salio linalopungua au kwenye mkopo wote wa mwanzo? Milioni 10 kwa asilimia 18 na miezi 36, kwenye salio linalopungua, hugharimu riba ya takriban milioni 3. Asilimia hiyo hiyo ikikokotolewa kwenye mkopo wote, riba ni milioni 5.4. Tangazo huonyesha 18 kwa zote mbili. Kwa hiyo dai jedwali la marejesho la mwezi hadi mwezi, ujumlishe mwenyewe.

Pango la miezi sita au mwaka linalolipwa mbele nalo ni deni, kwa sababu utaishi miezi hiyo bila kipato cha chumba hicho. Lipokee kwa ajili ya kumalizia chumba kinachofuata tu. Mpangaji akijitolea kukarabati mwenyewe na kukatwa kwenye pango, andikeni orodha ya kazi, kikomo cha gharama na sharti la stakabadhi, kabla hajanunua mfuko mmoja wa saruji.

## Hatua ya 5: Kibali na mafundi

Ukibadilisha kuta, ukiongeza chumba au ukiinua paa, omba kibali halmashauri ya jiji kabla ya kuanza. Kazi iliyosimamishwa katikati, bati likiwa limeshaondolewa, ni hasara mara mbili.

Nunua vifaa mwenyewe na umlipe fundi kwa hatua iliyokamilika. Andika kila hatua kwa maneno yanayopimika, kwa mfano "bomba la choo limelazwa, limejaribiwa kwa maji, halijafukiwa". Zuia asilimia 10 ya malipo ya paa na ya maji taka hadi mvua kubwa ya kwanza ipite, na fundi akubali sharti hilo kwa maandishi tangu mwanzo.

Saruji inatengenezwa hapa hapa Pongwe, hivyo hakuna sababu ya kulimbikiza mifuko. Hewa yetu ina unyevu mwingi. Nunua ya wiki moja au mbili, uipange juu ya mbao mbali na ukuta, na uukatae mfuko wenye mabonge yasiyovunjika kwa vidole. Mchanga wa bahari usikaribie zege wala plasta. Chumvi yake huila nondo kutoka ndani, na miaka michache baadaye lenta, yaani mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, hupasuka kufuata mstari wa nondo.

## Hatua ya 6: Paa

Januari na Februari ndiyo miezi mikavu zaidi Tanga, na masika huanza Machi na kuendelea hadi Mei. Panga bati liondolewe na lirudishwe ndani ya miezi hiyo miwili, au subiri masika yaishe.

Badilisha mbao za kenchi zilizoliwa kwa mbao zilizotiwa dawa kabla ya kufikiria bati. Katika bati, namba ya geji ikiwa ndogo bati ni nene zaidi: geji 28 ni nene kuliko 30. Karibu na bahari, chagua lililopakwa mchanganyiko wa alumini na zinki, kwa kuwa bati jembamba la kawaida huanza kutu kwenye matundu ya misumari. Misumari iwe na mpira, na ipigwe juu ya mgongo wa bati, kamwe isipigwe kwenye bonde ambako maji hupita.

Kabla ya kumlipa fundi, rudia jaribio la mwanga la saa sita mchana. Giza likitanda kote, mlipe, ukibakiza ile asilimia 10 ya kusubiri mvua.

## Hatua ya 7: Kuta zinazotoa chumvi

Hapa ndipo wasomaji hutumia fedha mara mbili na mara tatu kwa ukuta ule ule. Nyumba za zamani za pwani zilijengwa kwa mawe ya matumbawe au kwa boriti na udongo, zikapigwa plasta ya chokaa. Ukuta wa namna hiyo hunyonya unyevu wa ardhini na kuutoa polepole kupitia chokaa. Fundi anapoufunika kwa plasta ya saruji na rangi ya mafuta, unyevu hukosa pa kutokea, hupanda juu zaidi, na chumvi inayobebwa na maji huganda nyuma ya plasta na kuisukuma nje. Kwanza utaona rangi imevimba kama malengelenge, kisha unga mweupe, na mwishowe plasta inadondoka vipande vipande chini ya usawa wa dirisha. Mwenye nyumba huita fundi mwingine, naye huongeza saruji.

Tindua plasta ya saruji hadi nusu mita juu ya mstari wa unyevu. Kwangua viungo vya mawe, sugua chumvi kwa brashi kavu na uzoe vumbi lote. Usioshe ukuta kwa maji, kwa sababu chumvi itayeyuka na kurudi ndani. Uache ukuta wazi kwa wiki kadhaa, madirisha yakiwa wazi, na usugue tena kila unga unapojitokeza.

Wakati ukuta unakauka, shughulikia nje. Udongo uliorundikana ukutani ushushwe hadi uwe chini ya sakafu ya ndani, na maji ya paa yaelekezwe mbali na msingi. Kazi hii ya jembe na toroli hupunguza unyevu kuliko dawa yoyote ya kopo.

Kisha piga plasta ya chokaa: sehemu moja ya chokaa iliyolowekwa ikaiva kwa sehemu tatu za mchanga safi wa mto au wa machimbo. Piga matabaka membamba ya sentimita moja hivi, kila tabaka lishike kwa siku kadhaa kabla ya linalofuata, na ulinyunyizie maji kidogo ili lisikauke kwa haraka likapasuka. Malizia kwa chokaa nyeupe au rangi ya maji inayoruhusu ukuta kupumua. Fundi kijana anaweza kukuambia kwamba chokaa haina nguvu. Mwonyeshe ukuta wa zamani wa jirani ambao haujawahi kuguswa na saruji.

Ukuta wa tofali za saruji hauhitaji haya yote. Huko plasta ya kawaida inatosha, ilimradi chanzo cha unyevu kimeondolewa kwanza.

Umefanikiwa pale ambapo, baada ya msimu mmoja wa mvua, unapitisha kiganja ukutani na kinatoka bila unga.

## Hatua ya 8: Maji taka na umeme

Bomba la choo la inchi 4 lipewe mteremko wa sentimita 2.5 kwa kila mita. Likilala sana maji husimama. Weka chemba kila bomba linapokunja kona, ili siku ya kuziba usivunje sakafu ya uwani. Jaribu kwa ndoo kabla ya kufukia.

Umeme ufanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Nyumba nyingi za zamani hazina waya wa ardhini, yaani ule unaopeleka umeme uliovuja ardhini, na jiko la umeme la mpangaji mmoja katika chumba chenye sakafu yenye unyevu linaweza kuua. Nyaya ziwe za milimita za mraba 1.5 kwa taa na 2.5 kwa soketi. Wekea kila chumba mita yake ndogo. Ugomvi wa LUKU huhamisha wapangaji wengi wazuri. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, na kwa kuwa kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, andika katika mkataba kwamba utamrudishia mpangaji kwa kuipunguza kwenye pango.

## Hatua ya 9: Maliza upande mmoja, upangishe

Nyumba ya ukumbi wa kati hugawanyika yenyewe: vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto. Maliza upande mmoja hadi kitasa cha mwisho, uingize wapangaji, kisha uhamie upande wa pili kwa pango lao na sehemu ya mkopo iliyobaki. Waambie wazi kwamba kutakuwa na vumbi na kelele, saa ngapi hadi saa ngapi, na uwapunguzie pango kidogo kwa miezi hiyo. Marumaru za ukumbini na rangi ya mbele zisubiri hadi mwisho, kwa sababu toroli la upande wa pili litapita hapo hapo.

Mkataba wa pango uandikwe hata kwa chumba kimoja: kiasi, tarehe ya kulipa, muda wa notisi, idadi ya wakazi, na picha za hali ya chumba siku ya kuingia.

## Hatua ya 10: Masika ya kwanza

Mvua kubwa inapopiga, nenda kwenye nyumba siku hiyo hiyo. Tazama dari, gusa kuta za chini, fungua chemba, na uone maji ya uwani yanaelekea wapi. Andika kasoro zote daftarini na umwite fundi azirekebishe kabla ya mvua inayofuata. Akishazirekebisha, mpe asilimia 10 yake siku hiyo hiyo, kwa ukamilifu, maana utamhitaji tena kwa upande wa pili.